Mrejesho: mlinganyo wa butani umekubali

Wakuu, niliuliza namna ya kusawazisha mlinganyo wa butani (gesi ya C₄H₁₀) inapoungua, yaani atomi zilingane kushoto na kulia, maana oksijeni ilikuwa inanigomea kabisa. Nimefuata ushauri wa kuiacha oksijeni mwisho. Atomi 4 za kaboni zikanipa 4CO₂, 10 za haidrojeni zikanipa 5H₂O. Kulia oksijeni zikawa 13, na kushoto zinakuja mbilimbili! Aliyesema niandike 13/2 mbele ya O₂ kwanza halafu nizidishe kila kitu kwa 2, ubarikiwe sana:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Oksijeni 26 huku, 26 kule. Ile njia ya aljebra, ya kuweka herufi a, b, c, d mbele ya kila dutu kisha kuzitafutia thamani, nayo inakubali, ila kwa chumba cha mtihani naiona ndefu mno. Sasa nahamia kwenye redoksi (mabadiliko ya kupoteza na kupokea elektroni), msichoke na maswali yangu.