Makamu wa rais na habari za kupigiwa magoti

Zuhura: Shikamoo babu. Shikamooni wakubwa wote. Nina swali na sitaki Salim anijibu. Ni kweli hapa Kenya tuliwahi kuwa na makamu wa rais aliyeng'oka kwa habari za kupigiwa magoti?

Salim: Mbona nisijibu mimi

Zuhura: Kwa sababu wakati huo hata mamako hajaolewa

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Ni kweli. Dkt. Josephat Karanja. Aliteuliwa Machi 1988, Kibaki aliposhushwa umakamu akapelekwa Wizara ya Afya. Mei 1989 keshaondoka.

Mjomba Hamisi: Na hakudaiwa kula senti ya mtu! Mbunge wa Embakasi, David Mwenje, alisimama bungeni akadai kuna kiongozi anawapigisha watu magoti mbele yake. Basi, moto ukawaka.

Shangazi Mwanaisha: Nakumbuka. Zama hizo saa saba mchana huongei na mtu, kila mmoja kaelekeza sikio redioni. Taarifa ya habari ndiyo ilikuwa ikifuta mawaziri. Mwenyewe naye asikie pamoja na sisi.

Salim: Ngoja. Waziri anajua kafutwa kwa kusikia redioni???

Mjomba Hamisi: Anaingia hotelini kula na bendera kwenye gari, anatoka gari halina bendera 😂

Zuhura: Lakini magoti jamani. Tuseme hata ni kweli. Kuna sheria gani inayokataza?

Babu: Hakuna. Ndiyo maana walilazimika kuongezea. Mara Rais akisafiri yeye hujiona ndiye rais. Mara ana njama na Uganda. Akakana yote mle bungeni, haikumfaa kitu. Ikaletwa hoja ya kutokuwa na imani naye, akajiuzulu, nafasi ikaenda kwa Saitoti. Kumbuka chama kilikuwa kimoja. Hao waliomrukia ni wenzake wa KANU, chama tawala, si upinzani.

Shangazi Mwanaisha: Tena msomi. Alikuwa balozi wetu London, kisha akakiongoza Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya sabini. Mimi niseme ukweli wangu, sikumpenda, nilimwona ana maringo. Ila maringo si uhaini.

Salim: Kwa hiyo kashfa za zamani zilikuwa za kitoto tu. Siku hizi mtu anatajwa na mabilioni na anahutubia mazishini Jumamosi

Mjomba Hamisi: Babu anaandika. Mtulie. Kidole kimoja hicho.

Babu: Salim, usiende mbio. Magoti yalikuwa kisingizio. Mtazame Paul Ngei halafu unijibu. Mwaka 1965 mahindi yaliadimika nchini. Ngei ndiye waziri wa ushirika na masoko, mahindi yako chini yake. Ikaundwa tume ya uchunguzi 1966, na kinu cha mkewe kikatajwa kwamba kilinunua mahindi moja kwa moja kwa wakulima bila kupitia bodi ya mahindi. Akasimamishwa kazi. Mwaka huohuo akarudi barazani, safari hii Wizara ya Nyumba. Haya. Uchaguzi wa 1974 akashinda ubunge wa Kangundo, mpinzani akaenda mahakamani. Mahakama ikamkuta na kosa la uchaguzi, kwamba alimtisha mpinzani wake. Kiti kikaenda, na sheria ikasema mtu wa namna hiyo hagombei tena kwa miaka 5. Rais hakuwa na uwezo wa kusamehe kosa hilo. Unajua walifanya nini?

Salim: Walimsamehe hivyohivyo

Babu: Walibadilisha KATIBA. Desemba 1975. Mswada uliingia na kupita hatua zote siku moja, ukampa Rais uwezo wa kusamehe makosa ya uchaguzi. Ngei akasamehewa, akagombea uchaguzi mdogo 1976, akarudi bungeni na barazani.

Zuhura: Katiba nzima kwa ajili ya mtu mmoja 🙆🏽‍♀️

Shangazi Mwanaisha: Yule si mtu mmoja hivihivi mwanangu. Alifungwa na Mwingereza pamoja na Kenyatta, kesi ya Kapenguria ya mambo ya Mau Mau, miaka 7 na kazi ngumu. Mliokula maharage ya jela pamoja hamtupani. Na kwao walimpenda kweli, hilo usiliondoe.

Mjomba Hamisi: Niwape na ile ya Mercedes?

Babu: Hamisi, ile ya Mercedes kila mtu anaihadithia kivyake. Usimlishe mtoto mambo yasiyo na ushahidi.

Mjomba Hamisi: Haya babu 🤐 (Salim nipigie)

Zuhura: Babu naomba nibishe kidogo, kwa heshima. Unayaweka mahindi na magoti kapu moja. Uhaba wa mahindi si jambo dogo, mtu mwenye watoto hakuiita kashfa ndogo 1965. Iliitwa ndogo na waliokuwa na unga.

Shangazi Mwanaisha: Mwambie.

Babu: Hapo sina ubishi. Lakini umenisaidia. Lenye njaa ndani yake lilipita, lisilo na njaa likamwangusha makamu wa rais. Basi usipime uzito wa kosa, tafuta nani kakasirika. Ngei alikuwa na mtu juu. Karanja alipotafuta wa kumsemea hakumpata hata mmoja.

Salim: Na Ngei aliishia wapi

Babu: Swali zuri. Kenyatta alifariki 1978. Ngei akaendelea kuwa waziri chini ya Moi, miaka mingi tu. 1990 mahakama ikamtangaza muflisi kwa sababu ya madeni. Muflisi hawezi kuwa mbunge, na asiye mbunge hakuweza kuwa waziri. Vyote viwili vikaenda.

Mjomba Hamisi: Na safari hiyo hakuna aliyekumbuka kuigusa katiba.

Zuhura: Madeni! Baada ya yote yale

Shangazi Mwanaisha: Bado hamjafika kwa Charles Njonjo, yule aliyekuwa mwanasheria mkuu, yeye aliitiwa tume nzima ya uchunguzi.

Babu: Njonjo si kashfa ndogo Mwanaisha. Ile tume ya Jaji Miller tukiianza leo hatulali. Tuiweke Ijumaa.

Salim: Babu moja la mwisho. Yule mpinzani aliyetishwa Kangundo, aliyekwenda mahakamani. Yeye alipata nini?

Babu: Alipata kushinda kesi.