Filamu ya mateso ya Yesu: mwanao uliiangalia naye akiwa na umri gani? Tupeane uzoefu

Mama Nkuhungu
Mbukwenyi wakuu. Nina binti, ametimiza miaka 13 mwezi wa pili, yuko kidato cha kwanza, shule ya kutwa. Vijana wa kanisani kwetu wamepanga kwamba Ijumaa Kuu, baada ya Njia ya Msalaba, wataonyeshwa The Passion of the Christ, ile ya Mel Gibson ya mwaka 2004. Ukumbini, projekta ukutani na maspika ya kwaya. Mwenyekiti wa jumuiya kanipigia, anasema niache woga, hilo ni neno la Mungu.

Mimi niliiona nikiwa chuo. Pale kwenye nguzo wanapoanza kumpiga ile mijeledi yenye vyuma nilitoka nje nikasimama. Nimerudi, bado wanapiga. Na huyu wangu ni mtu wa kuota ndoto, siku ya kuchinjwa kuku hali nyama. Baba yake ananiambia namlea kama yai. Mliopitia hili ilikuwaje?

Kavu Kabisa
Kuku akichinjwa hali nyama? Mlete mnadani Msalato Jumamosi moja tu, atapona.

Mama Kulwa
Umenikumbusha mbali. Wangu walikuwa darasa la saba, wawili, mapacha. Nilijipanga, rimoti mkononi, najua damu inaanzia wapi na inaishia wapi, nitasogeza. Na kweli nikasogeza. Damu yote nikairuka vizuri kabisa, nikajiona mama bora.

Kumbe kilichowamaliza sicho nilichokuwa nakilinda. Mnakumbuka Yuda anavyokimbizwa na wale watoto, halafu sura zao zinabadilika? Na yule shetani anayepita katikati ya watu amebeba kitoto chenye uso wa kizee? Hapo sikusogeza, niliona ni sehemu ya kupumzika, nikaenda kugeuza mboga. Wiki mbili choo cha nje walikuwa wanakwenda wote wawili na tochi, mmoja akiingia mwingine anamwimbia mlangoni ili ajue bado yupo. Usiku wa manane unasikia pambio uani.

Jirani wa Ipagala
Kwetu LUKU iliisha msumari wa kwanza ukiwa juu. Mpaka leo wanangu hawana uhakika kama alifufuka.

Kavu Kabisa
Hahahaha Jirani umeniua.

Mwalimu wa Kipaimara
Niongee kidogo, nimefundisha vijana wa kipaimara miaka mingi. Marekani filamu hii ilipewa daraja la R, maana yake aliye chini ya miaka 17 anaingia na mzazi au mlezi. Uingereza walikuwa wakali zaidi, walisema 18, hapo hata uje na babu yako huingii. Mwaka 2005 Gibson mwenyewe alitoa toleo lililopunguzwa kama dakika 5 za ukali. Kwa hiyo swali la kwanza, Mama Nkuhungu, waulize hao vijana wana toleo lipi kwenye flashi yao. Nina hakika hawajui.

La pili. Injili ya Yohana, sura ya 19 aya ya 1, inasema tu Pilato alimtwaa Yesu akampiga mijeledi. Mstari mmoja, basi. Kwenye filamu mstari huo umekuwa karibu dakika 10. Mtoto asome kwanza ule mstari, aone ni wapi mwandishi kanyamaza na ni wapi mtengeneza filamu kaongeza.

La tatu, na hili ndilo lililonikuta mimi. Mwaka wa kwanza tulipoionyesha, vijana walitoka nyuma ya ukumbi wanawatukana Wayahudi. Damu sikuijali tena, ile kauli ndiyo iliyoninyima usingizi. Nikalazimika Jumapili kuwaketisha na kuwaeleza kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulisema wazi mateso yale hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Na kwamba Maria ni Myahudi, Petro ni Myahudi, na anayesulubiwa pale ni Myahudi. Mmoja akaniuliza, "Yesu naye?" Miaka 16 huyo, na Komunio ya kwanza keshapokea zamani.

Mkombozi Yu Hai
Ndio tatizo la kufundishwa kwa sinema. Mle mna Veronika anafuta uso kwa kitambaa. Nitajieni mlango na aya ya Veronika. Sinema inaongeza maneno kwenye Neno, halafu mnauliza umri? Hata mzee wa miaka 80 asiangalie.

Mwalimu wa Kipaimara
Ndugu, Veronika ni kituo cha sita cha Njia ya Msalaba. Sijasema yuko kwenye Injili.

Mkombozi Yu Hai
Basi umekiri.

Jirani wa Ipagala
Jamani mtoto wa watu ana miaka 13, Ijumaa Kuu inakaribia. Veronika mwacheni apumzike.

Mjukuu wa Kondoa
Sisi kwetu Kondoa ilikuwa The Message, ya Moustapha Akkad, 1976. Kila Idi mzee anaazima deki, tunajaa sebuleni mpaka majirani. Ni karibu saa 3, na mle Mtume (s.a.w.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Watu wanaongea wakiangalia kamera, kana kwamba wewe ndiye uko mahali pake. Nilimuuliza baba, mbona simuoni? Akajibu, "Yupo. Wewe ndiye humuoni." Nina watoto wanne sasa na sijawahi kupata jibu fupi kama lile.

Lakini kulikuwa na mahali pamoja, vita vya Uhud, Hamza, ami yake Mtume, anapopigwa mkuki halafu Hind, adui yake, anaufikia mwili. Mzee alikuwa akifika hapo anakohoa kwa nguvu na kusimama mbele ya TV kama anatafuta kitu kabatini. Miaka yote. Nimekuja kuiona sehemu hiyo nimeshaoa, na nikaelewa kwa nini kabati lile lilikuwa halipatikani kitu.

Ushauri wangu kwa dada: usimkataze, simama tu mbele ya TV.

Kavu Kabisa
Ile si ndiyo Gaddafi alichangia pesa? Kumbe alianza na sinema kabla ya kutujengea msikiti Dodoma.

Mjukuu wa Kondoa
Ndiyo hiyohiyo. Ilianzia Morocco, ikahamia Libya.

Dada wa Bwaloni
Nimesoma nikasema sitaandika, nimeshindwa.

Ilikuwa 2009, shule ya bweni ya wasichana, mikoa hii hii ya kati, jina naliacha. Nilikuwa kidato cha tatu, kiranja wa bwalo, funguo nakaa nazo mimi. Wiki ya Pasaka wale wa mbali hatukuruhusiwa kwenda nyumbani. Alhamisi Kuu jioni mwalimu mmoja akaleta sidii, akasema leo badala ya prepo tutaangalia mateso ya Bwana. Tukafurahi, kwetu chochote kilichoondoa prepo kilikuwa sikukuu. TV ilikuwa ya chogo, ndogo, imewekwa juu ya meza mbili. Wasichana karibu 200, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, si mnajua upepo wetu.

Filamu ile wanaongea Kiaramu na Kilatini, maandishi ya chini ni Kiingereza. Wadogo wa kidato cha kwanza walikuwa wametoka shule za msingi, sekondari wana miezi mitatu tu, Kiingereza cha kusoma mbio vile hawakuwa nacho. Na waliokaa nyuma hata hayo maandishi hawakuyaona. Kwa hiyo kwao haikuwa na maneno. Ilikuwa sauti. Tulipofika kwenye nguzo, bwalo zima limenyamaza, unasikia mjeledi, halafu kimya, halafu wale askari wanahesabu, halafu mjeledi.

Mmoja akaanza kucheka. Tukamgeukia tumnyamazishe, kumbe hacheki. Akaanguka kutoka kwenye benchi. Kabla hatujamwinua, benchi la mbele mwingine. Halafu ukawa moto wa nyasi. Mayowe, mabenchi yanapinduka, wote mlangoni, na mlango nimeufunga mimi kwa funguo kwa sababu mwalimu alisema asitoke mtu kwenda kulala. Ule mkono wangu ulivyotetemeka kutafuta ufunguo, nausikia mpaka leo. TV haikuzimwa na mtu. Tunakanyagana na Yesu anaendelea kupigwa kule juu ya meza.

Usiku ule walianguka 11. Wengine walipelekwa hospitali ya wilaya kwenye pikapu ya kubebea mahindi. Viongozi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, walikesha wanakemea pepo, wenzetu Waislamu wakasoma kisomo bweni la pili, asubuhi wazazi wawili wakaja na wataalamu wao. Kila mtu alikuja na jina lake la kile kitu.

Yule wa kwanza nililala naye chumba cha wagonjwa, niliombwa nimwangalie. Alfajiri akaamka, akaniomba maji. Nikamuuliza, uliogopa damu? Akasema hakuona damu, alikuwa nyuma, kichwa cha mtu kilimziba. Akasema, "Dada, ile sauti naijua." Nyumbani kwao baba wa kambo alikuwa anampiga mama yake kwa waya wa umeme, chumba cha pili. Na yeye akiwa huku, anakuwa anahesabu.

Hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza. Walimpeleka kuombewa.

Mama Kulwa
Mungu wangu.

Kavu Kabisa
Nafuta ile ya Msalato.

Mkombozi Yu Hai
Pole sana dada. Lakini tusidanganyane, wasichana 11 kuanguka kwa mpigo ni mapepo. Shule zile zina maagano ya ardhi.

Nesi Mstaafu
Nimepokea wasichana wa namna hiyo zaidi ya mara moja. Wanakuja wanapumua mbio, vidole vimekakamaa, presha na sukari viko sawa. Unawatenganisha, unawapa nafasi na mtu mmoja mtulivu wa kukaa naye, wengi wanarudi hali yao siku hiyohiyo. Hofu inaambukiza kama miayo, hasa waliofungiwa pamoja wakiwa wamechoka na wana njaa. Mnachokemea ni mtoto aliyebeba jambo.

Mkombozi Yu Hai
Wewe na sayansi yako, na mimi na Marko 5.

Nesi Mstaafu
Hata huyo wa Marko 5 aliulizwa jina lake nani. Nyie huwa hamuulizi.

Jirani wa Ipagala
Hapo Nesi kamaliza.

Dada wa Bwaloni
Kwa wanaoniuliza faragha: alimaliza kidato cha nne. Tunawasiliana. Sitasema zaidi.

Chipukizi Makole
Mnatisha watu bure. Mimi niliiona kibanda umiza kule Chang'ombe nikiwa na miaka 10, kiingilio jero, ile iliyotafsiriwa na DJ. Pilato anaongea Kiswahili cha Manzese. Niko salama kabisa. Mwambie binti ni rangi nyekundu na maigizo tu, basi.

Mama Kulwa
Usimwambie hivyo maana si kweli yote. Yule Jim Caviezel aliyeigiza Yesu mjeledi ulimpata kweli mgongoni, bega likamteguka akiwa na msalaba, tena akapigwa na radi wakiwa kazini. Mtoto akija kujua ulimdanganya utamwambia nini?

Chipukizi Makole
Radi?? Sasa hiyo ndiyo ungeanza nayo.

Mlezi wa Waseminari
Nimechelewa. Kwa vijana wakubwa, kuanzia 16 hivi, mimi naacha hii na kuchukua Silence ya Martin Scorsese, 2016. Mapadre wawili Wajesuiti wanakwenda Japani karne ya 17 kumtafuta mwalimu wao anayesemekana kaikana imani. Wakristo wanaamriwa kukanyaga sanamu ya Kristo. Padre anaambiwa: kanyaga, na hawa wanaoteswa shimoni wataachiwa. Usipokanyaga, wanaendelea kuteseka kwa ajili yako.

Ni saa 2 na dakika 41, mwendo wa kinyonga, nusu ya darasa walisinzia. Lakini walioona mpaka mwisho walibishana mpaka kengele ya usiku, na wawili hawakusemeshana siku tatu. Mmoja alisema angekanyaga. Mwenzake akamwita Yuda. Na mimi mlezi nikaulizwa ningefanya nini, nikasema muda umekwisha nendeni mkalale. Hiyo ndiyo filamu ngumu ya dini, damu ni kidogo. Kwa miaka 13 lakini hapana, atalala, na asipolala atakuuliza.

Mkombozi Yu Hai
Angekanyaga?? Seminari gani hiyo?

Mama Nkuhungu
Nimerudi, Pasaka njema wote. Asanteni hata mliogombana.

Ukumbini sikumpeleka. Habari ya Dada wa Bwaloni niliisoma mara mbili, nikampigia mwenyekiti nikamwambia hapana, na nikamwambia milango isifungwe. Kaninunia, lakini nimesikia hawakufunga.

Tuliangalia nyumbani Jumamosi mchana, kwenye laptop, watatu, sauti chini. Alhamisi jioni tulisoma Yohana, ile ya mstari mmoja. Nilimpa yeye kitufe, nikamwambia ukitaka kusimamisha simamisha, sitakuuliza. Alisimamisha mara moja tu, akanywa maji, akaendelea. Kwenye nguzo aliyeondoka ni baba yake. Alisema anasikia mbuzi getini. Hatuna mbuzi.

Sasa kuna pale Yesu anaanguka na msalaba, Maria anakumbuka alivyokuwa mdogo akajikwaa, yeye akatupa kazi akamkimbilia. Halafu anamkimbilia tena sasa, anamwambia nipo hapa. Mimi tayari nalia. Binti akasimamisha, nikajua imeshakuwa. Akanigeukia, macho makavu kabisa, akaniuliza, "Mama, mbona mimi nilipoanguka na baiskeli ulikuja unakimbia na mwiko?"

Kavu Kabisa
Ukamjibu nini?

Mama Nkuhungu
Nilimwambia baiskeli ilikuwa ya jirani.