Naomba ushauri: ruti ya bomba la 6G inabonyea upande wa chini

Mchomeaji_Unga:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Unga Limited, Arusha, na kwa miaka minne nimekuwa nikitengeneza mageti na madirisha kwa rodi za E6013. Sasa ninajiandaa kwa jaribio la 6G, ambalo bomba hufungwa kwa mshazari wa nyuzi 45 na haliruhusiwi kuzungushwa, hivyo fundi ndiye anayelizunguka. Ninatumia vipande vya bomba la inchi 6 vilivyochongwa kingo, nimeacha mwanya wa milimita 3, na ruti, yaani mstari wa kwanza wa ndani kabisa, ninaipiga kwa E7018 ya milimita 2.5 kutoka chini kwenda juu, ampea 90. Ubavuni na juu inatoka vizuri, lakini nikichungulia ndani naona sehemu ya chini kabisa imebonyea, kana kwamba chuma kimevutwa kutoka nje. Kwenye kepu, yaani tabaka la mwisho la nje, nako ukingo wa juu unabaki na mfereji ambao kucha inaingia. Nilijaribu pia E6010, ikawa inazimika kila baada ya sekunde chache. Ninakosea wapi?

Mzee_wa_Majengo (Moshi):
Marahaba, kijana wangu. Pale chini unachomelea juu ya kichwa chako, na chuma kilichoyeyuka hushuka kwa uzito wake, kwa hiyo ukishika rodi mbali kinakufuata wewe badala ya kuingia ndani ya bomba. Isukume rodi juu kabisa hadi ncha yake ikaribie kuzama kwenye mwanya, moto uwe mfupi sana, kisha shusha ampea hadi 75 hivi na uangalie dimbwi la chuma kilichoyeyuka linavyotulia. Usianzie katikati ya chini. Anzia sentimita moja hivi ng'ambo yake, halafu uusage mwanzo huo kwa grenda uwe mwembamba, ili nusu ya pili ipande juu yake bila kuacha tundu.

Jambo moja la kuchekesha: mafundi hutaja sehemu za bomba kama uso wa saa. Zamani tuliambiwa "anzeni sita", na mwenzetu akaanzia juu kabisa, kwa kuwa kwetu saa sita mkono huwa juu! Inayokusudiwa ni namba 6, yaani chini.

Grenda_Njiro:
Mkuu, huo mfereji unatokana na kupita ukingoni kwa haraka. Katika 6G usiyumbishe rodi kwa upana. Panga mistari myembamba kuanzia ukingo wa chini kupanda juu, kila mmoja ukilalia nusu ya uliotangulia kama vigae, na ule wa mwisho uupige kwa ampea pungufu kidogo. Rodi zako unazihifadhi wapi? E7018 hunyonya unyevu, na masika haya ukiacha pakiti wazi utapata vitundu na hatari ya nyufa. Zikishakaa wazi zaidi ya saa nne, usizitumie kwenye jaribio kabla ya kuzikausha kwenye oveni yake.

Voti_Chache:
Kuhusu E6010, usiulaumu mkono wako. Inahitaji mkondo wa moja kwa moja na mashine yenye volti ya kutosha kuushikilia moto, na inveta nyingi ndogo hazina uwezo huo. Kabla ya kununua mashine nyingine, waulize wanaokujaribu ruti inapigwa kwa rodi gani. Jambo jingine, ukiokota mabomba ya chakavu, usichomelee yaliyopakwa zinki, kwa sababu moshi wake unaleta homa.

Mchomeaji_Unga:
Asanteni sana. Jioni hii nimeshusha hadi 76, nikakaa kwenye ndoo badala ya kuchuchumaa, nikaegemeza kiwiko kwenye goti. Chini sasa ruti imejitokeza ndani kwa kama milimita moja, isipokuwa mahali nilipobadilisha rodi, ambapo pamebaki tundu dogo. Je, pale niliposimama nisage kwanza, au niwashe moja kwa moja juu yake?

Mzee_wa_Majengo (Moshi):
Saga mpaka mwisho uwe kama ulimi, washa nyuma yake kidogo, na ukifika ukingoni sukuma rodi ndani uone tundu linafunguka ndipo uendelee.