Fremu ya baiskeli imebanduka rangi, nipige spre yote au nizibe palepale tu?

mwana_raskazone
Wakuu heshima kwenu. Nina baiskeli ya mtumba zile za Mjapani zenye kikapu mbele na stendi ya miguu miwili, na mnajua Tanga bila baiskeli huendi popote. Sasa rangi imeanza kubanduka, bomba la chini limejaa alama za mawe, karibu na cheni kumechunika mpaka chuma kinaonekana, na pale waya wa breki unapogusa shingo umekula rangi mstari mzima. Kutu ishaingia, ukipitisha kidole kinatoka na vumbi la rangi ya chungwa. Fundi mmoja huku Ngamiani anasema dawa ni kuvua rangi yote apige spre upya, elfu 70. Wife yeye kanikabidhi chupa ya rangi ya kucha anasema hiyo inatosha kabisa haha. Nimsikilize nani? Kompresa sina, nina msasa na moyo tu.

kipara wa gereji
Hiyo elfu 70 nunua tairi mkuu. Rangi ya kiwandani ilichomwa kwenye oveni, ile ikishika imeshika, spre ya kopo haifiki hata nusu yake, sasa unavua kitu kigumu unaweka kitu laini ili iweje? Labda kama fremu nzima imeoza. Wewe shughulika na vidonda tu na adui yako ni kutu, urembo utafuata. Osha baiskeli na sabuni ikauke, chukua msasa namba 240 sugua kutu yote mpaka chuma kiwe cheupe, halafu 400 lainisha kingo za rangi ya zamani mpaka ukipitisha ukucha usikwame, hapo watu wengi wanakimbia na ndo maana rangi yao inabanduka tena palepale. Futa na kitambaa chenye tina kidogo (ile thinner ya kuyeyushia rangi), usishike tena na vidole maana vina mafuta, piga praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, SIKU HIYOHIYO. Kwa hewa ya bahari ya huko kwenu chuma ukikiacha uchi usiku mmoja asubuhi kina kutu mpya.

Dada Spoku
Kabla ya yote hayo pitisha sumaku. Ikinata ni chuma, fuata aliyosema kipara. Isiponata mara nyingi ni aluminiamu, hiyo haipigi kutu nyekundu lakini praima ya kawaida haiishiki vizuri, inabanduka kama ganda la yai, omba dukani praima ya aluminiamu. Yako kwa kuwa umeona vumbi la chungwa ni chuma hata bila sumaku, ila naandika kwa ajili ya wengine watakaosoma.

mjukuu wa Pangani
Shemeji hajakosea sana jamani. Rangi ya kucha kwenye mchubuko mdogo kama punje ya mchele inaziba vizuri tu na brashi yake ishakuja humohumo. Mimi naitumia.

kipara wa gereji
Inaziba ndiyo, ila juu ya kutu ni kazi bure, kutu inaendelea kula chini kwa chini unakuja kuona rangi imetuna. Na haipendi tina, ukimwagia imeondoka. Kwa vialama sawa, pale kwenye cheni hapana.

Dada Spoku
Kopo la spre mtu asipulizie moja kwa moja kwenye kidonda, utapata doa kubwa kuliko lililokuwepo. Pulizia kwenye kifuniko chake mpaka kijae kidogo, chovya kijiti cha meno, dondoshea katikati ya kidonda iache ijisambaze yenyewe. Tabaka nyembamba, subiri ikauke, rudia mpaka ipite kidogo usawa wa rangi ya zamani. Iache wiki nzima ndo uje na msasa wa maji namba 1000 ushushe taratibu. Jaribu kwanza chini pasipoonekana, kuna spre zinaikunja rangi ya zamani.

baharia mstaafu
Kijana hapo shingoni tazama vizuri. Safisha na tina halafu angalia kwenye jua, kama kuna mstari mwembamba karibu na welding na ukiusugua na msasa bado upo, huo si mchubuko wa rangi, ni ufa wa chuma. Usipake kitu juu yake wala usiipande, peleka kwa mtu wa kuchomea. Na chini kule kwenye ekseli ya pedeli mara nyingi kuna namba ya fremu imegongwa, usiizike kwa rangi, siku ikiibwa polisi ndo watakachokuuliza.

mwana_raskazone
Shikamoo mzee, nimekagua sasa hivi, hakuna ufa, ni waya tu umekula.

baharia mstaafu
Marahaba. Basi ukimaliza kata kipande cha tyubu ya zamani funga pale waya unapogusa, na kingine bomba la nyuma linalopigwa na cheni. Ila kifungue mara mojamoja ukaushe, maji ya chumvi yakijificha humo yanakula kuliko mwanzo.

mwana_raskazone
Swali la mwisho wakuu, rangi yenyewe ni kijani iliyopauka, madukani naona kijani cha majani kibichi tu.

kipara wa gereji
Fungua kava ya cheni si ina rangi hiyohiyo? Peleka duka la rangi za magari wakuchanganyie kidogo, wengine wanakubali kukupimia hata kwenye kikopo. Mlinganishe nje juani, usikubali kulinganisha chini ya taa ya dukani. Hiyo hauhitaji spre, unapaka na brashi ndogo ya kuchorea.

mwana_raskazone
Kava nishafungua. Tina nichukue nusu lita au robo?

kipara wa gereji
Robo na itabaki.