Watoto wa Bibi, Ngamiani

Shangazi Zena: Asalam aleikum wanangu. Nimerudi kliniki. Meno ya kupandikiza haiwezekani, taya limekwisha.

Mwanaidi: Waaleikum salaam, shikamoo shangazi. Limekwisha vipi tena?

Shangazi Zena: Marahaba. Mfupa umeliwa. Nimeoneshwa kwenye picha, kule nyuma chini pamebaki pembamba kama ukingo wa kisahani. Hela ya picha wamechukua, picha wamebaki nayo.

Ami Rashidi Maskati: Umeilipia ni yako hiyo. Waambie wakutilie kwenye flashi.

Mwanaidi: Umeliwa na nini, mdudu?

Saidi Meno: Shikamooni. Hakuna mdudu. Mfupa unaoshika jino unaishi kwa kazi ya kutafuna. Jino likitoka unaanza kunywea, mwaka wa kwanza tu upana unaweza kupungua karibu nusu. Shangazi uling'olewa lini?

Shangazi Zena: Ya chini yote 1998. Wewe ulikuwa bado unatambaa.

Saidi Meno: Basi miaka yote hiyo meno bandia yanaukandamiza ufizi na mfupa unazidi kushuka. Ndiyo maana yanacheza.

Mwanaidi: Yanacheza?? Kwenye walima yaliruka mpaka sinia la biriani 😂😂

Shangazi Zena: Una adabu wewe? Yaliteleza. Hayakuruka.

Ami Rashidi Maskati: Jamaa yangu huku kawekewa tayani nguzo nne za kushikia meno, za nyuma zimelazwa mshazari kukwepa palipokwisha mfupa. Asubuhi kaingia, jioni katoka na meno. Dada njoo.

Shangazi Zena: Utauza gari?

Ami Rashidi Maskati: Nimesema tu.

Saidi Meno: Si lazima nne. Nyuma kuna mshipa wa fahamu unapita ndani ya taya, ukiugusa mdomo unabaki na ganzi. Ila mbele, usawa wa kidevu, mara nyingi mfupa hubaki hata nyuma pakiisha. Hapo zinaingia skrubu mbili za titaniamu, meno yanabana juu yake kama vifungo vya nguo ya mtoto mchanga, tak! Usiku unayavua unasafisha.

Mwanaidi: Chuma hakioti kutu mdomoni?

Saidi Meno: Titaniamu haishiki kutu, na mfupa unaikumbatia. Wa kwanza kuwekewa ni Mswidi mmoja mwaka 1965, alitafunia mpaka anakufa miaka 40 baadaye.

Mwanaidi: Nilisikia na mfupa unaongezwa.

Saidi Meno: Unaongezwa. Wa kwako mwenyewe, unachukuliwa kidevuni au nyuma ya taya. Au chembechembe za mfupa wa ng'ombe zilizosafishwa. Halafu unasubiri miezi mpaka ushike.

Shangazi Zena: Ng'ombe una hakika? Nimesikia na nguruwe.

Saidi Meno: Wa nguruwe upo pia, na utando wa kuufunikia mfupa ulioongezwa mara nyingine ni wa nguruwe. Uliza ni wa mnyama gani kabla hujapanda kile kiti, ni haki yako. Ila kwa mbili za mbele huenda usihitaji. Sukari unayo?

Shangazi Zena: Sina alhamdulillahi. Presha tu, na kile kidonge cha mgongo.

Saidi Meno: Kidonge gani cha mgongo?

Shangazi Zena: Cha kila Ijumaa. Alfajiri kabla ya chai, glasi nzima ya maji, nisilale nusu saa.

Saidi Meno: Shangazi naomba picha ya boksi sasa hivi.

Shangazi Zena: 📷 Picha

Saidi Meno: Alendroneti. Tangu lini?

Shangazi Zena: Mwaka wa sita huu.

Saidi Meno: Pale kliniki uliwaambia?

Shangazi Zena: Hawakuuliza. Nao ni wa meno, mgongo unawahusu nini?

Saidi Meno: Unawahusu sana. Dawa hiyo inazuia mifupa kumung'unyuka, lakini inapunguza na kasi ya mfupa kujijenga upya. Taya likitobolewa, mara chache kidonda kinakataa kufunga, mfupa unabaki wazi. Kwa vidonge hatari ni ndogo, kubwa ni kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa ya mshipani. Lakini anayetoboa lazima ajue.

Mwanaidi: Basi aache leo leo!

Saidi Meno: ASIACHE. Akianguka akavunjika nyonga tutalia wote. Daktari aliyemwandikia na wa meno wazungumze, wao ndio waamue. Mwanaidi, Jumatatu mpeleke akachukue ile picha, mnitumie. Bila kuiona sisemi zaidi.

Mwanaidi: Nitampeleka, na risiti tunayo.

Ami Rashidi Maskati: Nitatuma ya kuanzia inshallah. Gari naliacha.

Shangazi Zena: Allah akuzidishie. Saidi, Ijumaa hii ninywe?

Saidi Meno: Kunywa shangazi.

Shangazi Zena: Haya. Mwanaidi, Jumapili nakuja kwako. Nyama iwe ya kusaga.

Mwanaidi: Na sinia nalisogeza mbali 🏃🏾‍♀️