Goti limepona, lakini mguu chini yake unawaka na kufa ganzi: mnastahimilije?

GotiJipya

Ndugu zangu, nawasalimu. Wiki 9 zilizopita niliwekewa goti la bandia katika mguu wa kulia, na kuhusu goti lenyewe sina la kulalamikia: kidonda kimefunga, linanyooka, na linakunjika hadi nyuzi 110. Kinachoninyima usingizi kiko chini kabisa, mahali ambapo kisu hakikufika. Tangu dawa ya ganzi ya mgongoni iliponitoka, sehemu ya juu ya mguu, pale panapofungwa kamba za kiatu, imekuwa kana kwamba imepakwa gundi ikakauka. Mchana nikipapapasa hapo sihisi kitu. Usiku panawaka moto, na shuka likigusa vidole nashtuka kama niliyechomwa sindano. Zaidi ya hayo, kidole gumba hakiinuki sawasawa, na jioni nikiwa nimechoka naisikia ncha ya kiatu ikikwaruza sakafu.

Nilipomweleza daktari aliyenipasua, kwa simu, alinijibu kwamba ganzi ni jambo la kawaida baada ya upasuaji wa goti na kwamba itaondoka yenyewe. Sina hakika kama mimi na yeye tulikuwa tunazungumzia ganzi moja. Ningeshukuru kujua kutoka kwa waliopitia hali hii: je, iko ganzi ya kawaida na ganzi isiyo ya kawaida? Usiku mnaupitishaje? Na ni wakati gani mtu aache kusubiri na aombe kuchunguzwa upya?

MtaalamuWaViungo

Ndugu GotiJipya, shaka yako ina msingi. Kazi yangu ni fiziotherapia, na wagonjwa wa magoti ya bandia ndio ninaoshinda nao. Hata hivyo sijakuona kwa macho, kwa hiyo yachukue haya kama maelezo ya kwenda nayo kwa daktari, si badala ya kupimwa.

Ganzi ambayo madaktari huiita ya kawaida hukaa kando ya kovu, upande wa nje wa goti, na eneo lake mara nyingi halizidi kiganja cha mkono. Husababishwa na kukatwa kwa matawi madogo ya neva ya ngozi yanayopita mbele ya goti, ambayo ni vigumu kuyakwepa wakati wa kupasua. Matawi hayo hayaendeshi msuli wowote wala hayafiki kwenye vidole. Kwa hiyo mtu mwenye ganzi hiyo hupoteza hisia za ngozi ya pale gotini tu, na wengi huizoea hata kama haikwisha kabisa.

Unayoyaeleza wewe yanaelekeza kwenye neva nyingine, ile iitwayo neva ya peronea. Papasa upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, utakuta kinundu cha mfupa. Hicho ni kichwa cha fibula, mfupa mwembamba wa nje. Neva hiyo hutoka nyuma ya goti, huzunguka shingo ya mfupa huo chini tu ya ngozi bila nyama ya kuikinga, kisha hugawanyika kushuka hadi kwenye vidole. Inaweza kuvutika pale goti lililokuwa limepinda kwa muda mrefu linaponyooshwa, kubanwa na uvimbe, damu iliyovilia au bendeji iliyokazwa mno, au kuathiriwa na ule ukanda unaofungwa pajani kuzuia damu ukikaa muda mrefu. Hata kitandani inaweza kubanwa: mguu ukiangukia upande wa nje wakati dawa ya ganzi bado inafanya kazi, kinundu kile hulalia godoro kwa saa kadhaa na mgonjwa asihisi lolote.

Eneo lenye ganzi husaidia sana kuijua neva yenyewe, na kuna vipimo viwili vitatu unavyoweza kuvifanya ukiwa umekaa kitini. Fumba macho, umwombe mtu akuguse kwa pamba. Ganzi kati ya kidole gumba na kidole cha pili ni ya tawi la ndani la neva ya peronea. Ganzi ya juu ya mguu na upande wa nje wa muundi ni ya tawi lake la juu juu. Unyayo hupata hisia kutoka neva tofauti kabisa. Kisha weka kisigino sakafuni ujaribu kuinua sehemu ya mbele ya mguu, uugeuze mguu ili unyayo uelekee nje, halafu uelekee ndani. Ikiwa kuinua na kugeuza nje ni kudhaifu lakini kugeuza ndani kuna nguvu kamili, tatizo huenda liko pale gotini. Ikiwa hata kugeuza ndani ni kudhaifu, daktari atatakiwa kuuangalia na mgongo, kwa kuwa neva inayobanwa kiunoni huweza kuleta dalili zinazofanana sana na hizi.

Kuhusu kusubiri, udhaifu wa kidole gumba ndio ulionifanya niandike kwa urefu. Ganzi peke yake inaweza kuvumiliwa kwa muda. Misuli inapodhoofika, mgonjwa anapaswa kuonwa ana kwa ana. Katika siku za mwanzo jambo la kwanza huwa ni kulegeza bendeji na kulikunja goti kidogo ili neva isivutike. Fursa hiyo imekupita, lakini kipimo cha umeme wa neva na misuli, ambacho huanza kutoa picha nzuri baada ya wiki 3 hadi 4, unaweza kukiomba sasa, na sioni sababu ya kuendelea kukaa bila kukifanya. Kipimo hicho huonyesha kama neva imezimia tu kwa kubanwa, hali ambayo mara nyingi hurejea ndani ya wiki au miezi michache, au kama nyuzi zake zimekufa na lazima ziote upya. Miezi 3 ikipita bila dalili yoyote ya kurejea, baadhi ya wapasuaji hufikiria kuifungua neva pale inapobanwa, na ndiyo maana kuchelewa kuna gharama.

Wakati ukisubiri miadi, usikunje nne, usiweke mto mgumu chini ya goti, na ulalapo chali weka taulo lililokunjwa kando ya paja upande wa nje ili mguu usibingirike. Nyoosha kano ya kisigino kila siku kwa kuvuta sehemu ya mbele ya mguu kwa taulo, kwani mguu usioinuka wenyewe hukakamaa ukielekea chini, na ukikakamaa hata neva ikipona hautainuka vizuri. Usiendeshe gari hadi uruhusiwe. Mguu wako ni wa kulia, na kuutoa kwenye kanyagio kunahitaji misuli hiyo hiyo iliyodhoofika.

Usisubiri miadi hata kidogo iwapo shavu la mguu litavimba na kuuma, mguu ukiwa wa baridi na kupauka, udhaifu ukizidi ghafla, au ukipata ganzi sehemu za siri au shida ya kuzuia mkojo. Hayo ni ya kwenda hospitali saa ile ile.

MzeeWaMagongo

Mwenzangu, pole sana. Mimi goti langu la kushoto lilikuwa limeingia ndani kiasi kwamba magoti yalisuguana nikitembea, na liliponyooshwa mguu ukaamka umekufa: niliweza kuukandamiza chini lakini si kuuinua, ukawa unaning'inia kama kandambili iliyokatika kamba. Kupona kwangu kulichukua miezi 14, na hata leo kidole gumba ni kizembe kidogo.

Juu ya usiku nina haya ya kukueleza. Shuka lilikuwa adui yangu mkubwa, hadi nilipochukua sanduku la katoni, nikalikata pande mbili, nikalisimamisha mwisho wa kitanda chini ya mashuka, nami nikaingiza mguu ndani yake kama gari kwenye banda. Watu wa nyumbani walicheka, mimi nililala. Soksi nilizivaa ndani nje ili mshono usiguse vidole. Kabla ya kulala nilijifunza kuusugua mguu kwa mpangilio: pamba kwanza, kisha kitambaa cha hariri, kisha taulo, dakika chache kwa kila kimoja, nikianzia mahali penye hisia nzuri na kusogea polepole kuelekea penye moto. Wiki ya kwanza yalikuwa mateso na nilidhani nimedanganywa. Kufikia wiki ya tano au ya sita shuka lilikuwa shuka tena.

Jambo jingine ambalo nililijua kwa kuumia ni kwamba mguu usiohisi hauwezi kukuonya. Niliuweka karibu na chupa ya maji ya moto nikasinzia, nikaamka na lengelenge ambalo sikulisikia likitokea. Tangu hapo maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko, viatu navikung'uta kabla ya kuvaa, na kila jioni natazama nyayo kwa kioo kidogo.

Usione haya kuvaa kishikizi cha kifundo, ile splinti nyepesi ya plastiki inayoingia ndani ya kiatu na kuuzuia mguu usining'inie. Niliikataa mwezi mzima kwa kiburi, nikaanguka ngazini mara 2, na goti jipya si kitu cha kuangukia.

Neva ikiota hukua takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka pale kwenye kinundu hadi kwenye vidole ni sentimita 30 na zaidi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Misuli ya muundi iko karibu, ndiyo hutangulia. Kidole gumba na ngozi ya juu ya mguu huja mwisho. Mimi nilijua inarudi siku moja nikiwa naoga: nilijaribu kuinua mguu kama nilivyozoea kujaribu bure, nikaona kano ya mbele ya kifundo ikichomoza chini ya ngozi kama uzi unaovutwa. Mguu wenyewe haukusogea. Nilimwita mke wangu aje aone uzi ule.

NevaZangu

Nakubaliana na waliotangulia, ila naomba kuongeza upande wa dawa na damu. Dawa za kawaida za maumivu hazikunisaidia kitu kwa moto wa namna hii, kwa sababu maumivu ya neva hutibiwa kwa dawa za aina nyingine, kama vile gabapentini, pregabalini, duloksetini au amitriptilini kwa kiwango kidogo. Nilipewa gabapentini, ikaanzishwa kidogo kidogo usiku. Ilinipa kizunguzungu siku za mwanzo, jambo ambalo kwa mtu mwenye magongo si dogo. Mwambie daktari kuhusu figo, moyo, presha ya macho na dawa zako zote kabla ya kuanza, na usiache ghafla ukishaanza.

Pia ulizia sukari na vitamini B12. Kwangu mimi upasuaji ulikuwa umeongeza tu mzigo juu ya neva zilizokuwa tayari zimechoka: nimetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, na dawa hiyo inaweza kushusha B12 bila mtu kujua. Kilichonishtua ni kwamba mguu ambao haukupasuliwa nao ulikuwa na ganzi kidogo, ila sikuwahi kuujali. Wewe umeujaribu ule wa pili?

GotiJipya

Ndugu zangu, nawashukuru mno. Jana jioni mwanangu alinigusa kwa pamba nikiwa nimefumba macho. Mguu wa kushoto nilihisi kila mguso. Wa kulia, kati ya kidole gumba na cha pili, aligusa mara 10 nami nikasema "sasa" mara 3, na katika hizo 3 moja alikuwa hajanigusa kabisa. Kuinua na kugeuza nje ni kudhaifu. Kugeuza ndani nina nguvu sawa na mguu mwingine.

Leo asubuhi nilipiga simu tena, na safari hii sikutumia neno ganzi. Nilisema kwamba siwezi kuinua kidole gumba na kwamba naburuta ncha ya kiatu. Nimepewa miadi kesho kutwa, na wametaja wenyewe kipimo cha umeme. Sanduku la katoni liko tayari mwisho wa kitanda. Swali dogo kwa MzeeWaMagongo: hiyo splinti uliivaa na viatu vyako vya kila siku?

MzeeWaMagongo

Havikuingia. Nilinunua vya kamba vinavyofunguka hadi karibu na vidole, vikubwa kidogo kuliko saizi yangu, nikatoa soli ya ndani ya kiatu cha upande huo ili plastiki ipate nafasi. Nenda navyo kwa anayekupima splinti, usinunue kabla hajaona, na vaa soksi ndefu inayopita juu ya ukingo wake, maana plastiki huchubua muundi nawe hutasikia.

MtaalamuWaViungo

Vizuri, GotiJipya. Kesho kutwa umwombe daktari agonge taratibu kwa kidole pale kwenye kinundu cha nje, kisha ashuke akigonga kufuata njia ya neva. Ukisikia msisimko ukikimbilia kwenye vidole, atie alama kwa kalamu mahali hapo na kupima umbali wake kutoka kwenye kinundu. Mwezi ujao arudie. Alama ikiwa imeshuka, nyuzi zinaota.