Tipa ya mchanga Unguja au utingo wa semi Dar? Tajiri anataka jibu Jumamosi

Mjukuu_wa_Donge
Assalaam alaykum wakuu. Leseni ya gari kubwa ninayo tokea mwaka jana, lakini kila mlango ninaougonga swali ni moja: "Uzoefu una miaka mingapi?" Nimezunguka Malindi, Mtoni, Saateni, mpaka kwa wakandarasi wa barabara. Naambiwa niache namba, watanipigia. Sasa yamenijia mawili kwa pamoja. Kuna tajiri wa Fuoni ana tipa ya Fuso, dereva wake anaumwa mgongo, anataka deiwaka, yaani dereva wa kumshikia kwa muda, wa kubeba mchanga na kifusi. Na binamu yangu yuko Tabata, anasema atanitia kwenye kampuni ya semi, yale malori ya trela ya masafa marefu, kama utingo, yaani msaidizi wa dereva, baadae nikabidhiwe gari. Tajiri anataka jibu Jumamosi. Nishike lipi?

Shamba_Kuu
Wa alaykum salaam. Yakhe, mbona hujasema kitu? Kwa tajiri unalipwa kwa tripu au unapeleka hesabu, kiasi maalumu chake, kinachobaki chako? Mafuta ya nani? Tairi ikipasuka Mahonda nani ananunua? Na huyo dereva mgongo ukipoa, wewe unakwenda wapi?

Nahodha_wa_Lami
Na leseni yenyewe ni ipi? Kule Bara gari za mizigo ni daraja E, na kampuni nyingi za semi zinataka juu yake cheti cha NIT, chuo cha usafirishaji cha Mabibo, au cha VETA, vyuo vya ufundi. Ukenda bila ya cheti utakaa utingo mpaka uote mvi. Umejifunzia gari gani? Ushawahi kuendesha ikiwa na mzigo?

Bi_Mwenye_Tipa
Mimi nina gari mbili za mchanga, kwa hivyo nitakwambia mambo yalivyo upande wetu matajiri. Kijana akinijia na leseni peke yake simpi gari, na si kwa roho mbaya. Gari tupu na gari yenye mchanga si gari moja. Ukichelewa kupangua gia kilimani inakufia katikati, ukilazimisha unaunguza klachi, na klachi ikiungua gari inalala mimi nasubiri spea kutoka Dar. Kumwaga ndio pabaya zaidi. Mchanga ukiwa umeroa unaganda upande mmoja wa bodi, na gari ikisimama pahala pamelala kidogo tu, unanyanyua bodi huku gari nzima inapinduka. Vichochoro vya huko ndani mnavijua, hata pa kugeuzia hapana.

Mimi kijana nampandisha na dereva wangu kwanza. Wakirudi tupu anapewa usukani. Akizoea, anapewa wenye mzigo, dereva yuko pembeni. Siku dereva akiniambia "huyu anaisikia gari", basi ufunguo ni wake. Kwa hivyo mwanangu, muulize huyo tajiri wa Fuoni nani atakaa nawe siku za mwanzo. Kama anakurushia ufunguo tu, anatafuta wa kumtwika lawama.

Karafuu_Pemba
Nyote mnaisahau Pemba. Msimu wa karafuu ukiingia gari za kubeba magunia hazitoshi, Wete na Mkoani kote. Na barabara hazina msongamano wa mjini, unajifunza kwa utulivu.

Shamba_Kuu
Karafuu haizai sawa kila mwaka ndugu yangu. Msimu ukiwa mdogo ale nini, majani? Yeye anataka kazi ya mwaka mzima.

Karafuu_Pemba
Na mchanga wa Unguja ni wa mwaka mzima? Mashimo yanafungwa, vibali ni vya kusubiri, gari zinalala. Sema kweli.

Bi_Mwenye_Tipa
Hilo la vibali ni kweli, siwezi kulipinga. Mchanga wa kisiwa hichi si mwingi na serikali inaubana. Siku za kusubiri dereva wa kwa tripu hapati kitu. Kifusi na mawe ndivyo vinavyotuokoa.

Jangombe_Kwetu
Mimi nakuomba usikimbilie Dar kwa maneno matupu. Nilivuka kwa ahadi hiyo hiyo, kampuni siitaji. Miezi mitatu utingo, halafu gari, ndivyo nilivyoambiwa. Kazi ya utingo wengi hawaijui. Unafunga na kufungua turubai, unabadilisha tairi usiku wa manane, unapika, unalala chini ya trela kulinda mafuta na mzigo. Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, mizani yote ya kupimia uzito wa gari ni foleni. Tunduma mpakani mnalala siku na siku kusubiri karatasi za kuvukia Nakonde, upande wa Zambia. Posho inapitia kwa dereva, akikupa umekula.

Hayo nilistahamili, kwa sababu dereva wangu alikuwa mtu wa kheri na alinifundisha. Mlima Kitonga nimeujulia kwake. Mnarudi na shaba ya Kongo, unaanza kuteremka na gia ndogo kabla hujaingia mlimani, injini ndiyo inayoishika gari, breki unaigusa na kuiachia. Ukiikandamiza moja kwa moja inapata moto, mwisho unakanyaga na gari haisikii tena.

Miezi mitatu ikapita, ikapita na mengine. Nikiuliza naambiwa gari mpya zinakuja. Siku waliponipa, gari yenyewe upepo wa breki unavuja, ukizima injini geji inashuka unaitizama kwa macho yako. Nikasema hii haitoki hapa. Msimamizi akanijibu kama huwezi, wako wengi getini. Nikashuka. Vyeti vyangu halisi vilikuwa ofisini mwao, na kuvipata ilibidi niende na mtu mzima wa kuniombea. Yule mwenzangu aliyeichukua ile gari mpaka leo nikimkumbuka moyo unanienda mbio. Wape kopi tu, na ahadi iandikwe karatasini.

Nahodha_wa_Lami
Pole sana kaka. Lakini si kampuni zote ziko hivyo, na njia ile inakomaza. Semi ya mihimili saba inaruhusiwa tani 56 pamoja na uzito wake. Ukiitoa Dar ukaifikisha Tunduma, zaidi ya kilomita 900, hakuna wa kukuuliza uzoefu tena. Fuso ya Fuoni haikupi hilo. Tena siku hizi Howo, malori ya Kichina, zimejaa, klachi nyepesi, kijana anazoea haraka.

Shamba_Kuu
Howo tena! Kama ni kujifunza, ajifunze Scania.

Nahodha_wa_Lami
Scania spea zake unazijua bei? Tajiri anayeanza hawezi. Nimeendesha zote mbili, Howo inafanya kazi.

Bi_Mwenye_Tipa
Jamani, kijana hajapata hata Fuso, nyinyi mnagombania Scania.

Mjukuu_wa_Donge
Shukrani nyote, nimesoma neno kwa neno. Leseni nimeipatia hapa Unguja. Cheti cha NIT wala VETA sina. Nilifundishwa kwa Kanta, lori dogo, ikiwa tupu, yenye mzigo bado. Nina mke na mtoto mchanga. Malipo na tajiri hatujazungumza, na binamu hajanitajia jina la kampuni. Kesho baada ya alasiri nakwenda Fuoni kuitizama gari.

Jangombe_Kwetu
Binamu akutajie jina kabla hujakata tiketi ya boti. Ukilipata, niandikie faraghani.

Bi_Mwenye_Tipa
Huko Fuoni nyanyua bodi mwenyewe ikiwa tupu, kisha chungulia pampu ya haidroliki kama inavuja. Kagua na tairi za ndani za nyuma, matajiri wengi tunatia mbovu huko kwa sababu hazionekani. Malipo myazungumze mbele ya huyo dereva anayeumwa, yeye ndiye anayejua tripu ngapi zinapatikana kwa siku.

Karafuu_Pemba
Na mimi niulize hapo hapo. Nina Fuso Wete, dereva kaondoka, gia ya tatu inaruka ikibeba. Fundi mmoja anasema gia boksi nzima ishuke, mwengine anasema ni klachi tu. Bi Mwenye Tipa, yako iliwahi kufanya hivyo?

Bi_Mwenye_Tipa
Inaruka kilimani tu au hata tambarare? Na mafuta ya gia boksi yamebadilishwa lini?